Umeme Ukirudi: Namna ya Kuilinda Friji ya Nyumbani

Katika nyumba nyingi za miji yetu, umeme unaporudi baada ya kukatika hupokelewa kwa shangwe: watoto hupiga kelele, feni huanza kuzunguka, na mtu wa kwanza kufika jikoni hufungua friji kuona kama taa yake imewaka. Nami nilikuwa miongoni mwa wenye kushangilia, hadi nilipojifunza kwa hasara kwamba dakika ile tunayoishangilia ndiyo inayoua friji. Mashine iliyozimika imepumzika, na kukatika kwenyewe hakuiumizi sana. Inayoiumiza ni namna umeme unavyorudi, hasa unaporudi kwa kusitasita, ukaja, ukaondoka, kisha ukaja tena ukiwa pungufu.

Hasara yangu ilitokea wiki ya pili ya Ramadhani, friji ikiwa imejaa samaki, kuku wawili na juisi ya ukwaju ambayo wifi yangu alikuwa akiwauzia majirani wakati wa kufuturu. Jioni hiyo umeme ulikatika na kurudi mara tatu ndani ya robo saa. Alfajiri nilipoamka kula daku nilikuta maji yamechuruzika chini ya mlango, na nyuma ya friji kukasikika sauti ambayo sasa naijua vizuri: "tik", kisha mngurumo mzito wa sekunde chache, kisha "tik" nyingine, halafu kimya cha dakika mbili tatu, na mzunguko huo ukaanza upya. Fundi wa kwanza alisema kompresa imekufa na akataja bei iliyokaribia nusu ya thamani ya friji nzima. Tulikaribia kulipa. Fundi wa pili, ambaye jirani alituletea, alichomoa plagi, akafungua kijisanduku cheusi kilichobanwa ubavuni mwa kompresa, akatoa kipande kidogo kuliko kibiriti na kukitikisa karibu na sikio langu. Ndani yake kulikuwa na kitu kikicheza kama njugu kavu ndani ya ganda. Alisema hiyo ni rilei, yaani swichi ndogo inayoisaidia mota ya kompresa kuanza kuzunguka, imevunjika ndani, na friji itafanya kazi ikipata nyingine. Ilifanya kazi jioni hiyo hiyo, na inaendelea kufanya kazi mpaka leo. Samaki, kuku na ukwaju vilikuwa vimekwisha kuharibika.

Nimeandika maelekezo haya kwa ajili ya mtu ambaye friji ndicho kifaa cha bei kubwa kuliko vyote nyumbani kwake, na pengine ndiyo inayomwingizia riziki kwa kuuza barafu, maji baridi au samaki.

Kwanza, elewa kinachotokea ndani ya kompresa

Kompresa, ile chupa nyeusi ya chuma iliyo nyuma ya friji upande wa chini, ni pampu inayoendeshwa na mota. Kazi yake ni kuisukuma gesi kutoka upande wenye presha ndogo kwenda upande wenye presha kubwa, ili joto lililochukuliwa ndani ya friji likatupwe nje kupitia mabomba yaliyo nyuma au yaliyofichwa katika kuta za ubavuni. Friji inapozimika ghafla, presha za pande hizo mbili hazilingani papo hapo, kwa sababu njia pekee ya gesi kurudi ni bomba jembamba sana, na kwa kawaida huchukua kama dakika tatu hadi tano mpaka pande zote zitulie. Mota ikiamriwa kuanza kabla ya hapo, inakuwa kama mtu anayetakiwa kuupandisha mlimani mkokoteni uliojaa mawe akianzia pale pale uliposimama. Haizunguki. Wakati huo inavuta umeme mara kadhaa kuliko kawaida yake, nyaya zake za ndani zinapata moto, na kifaa kidogo cha kinga ambacho mafundi hukiita ovalodi kinakata umeme. Hiyo ndiyo "tik" niliyoisikia. Ovalodi ikipoa hujaribu tena, na kila jaribio linalofeli hula maisha ya rilei na ya mota yenyewe.

Adui wa pili ni umeme mdogo, na huyu ni mbaya zaidi kwa kuwa haonekani upesi. Umeme wa nyumbani Tanzania umekusudiwa kuwa volti 230, na Kenya 240. Saa za jioni, kila nyumba inapopika, kupiga pasi na kuwasha televisheni, nyumba zilizo mwishoni mwa laini ndefu hupata volti pungufu sana. Taa huwaka kwa unyonge, nasi husema "umeme upo lakini mdogo", tukaendelea na shughuli. Mota ya kompresa haiwezi kuendelea hivyo. Nguvu yake ya kuanza kuzunguka hushuka kwa kasi kuliko volti zenyewe: volti zikipungua kutoka 230 hadi 160, nguvu hiyo inabaki chini ya nusu. Kwa hiyo usiku ambao balbu zinawaka kwa rangi ya chai ni usiku wa kuichomoa friji, hata kama kufanya hivyo kunauma wakati umeme "upo".

Adui wa tatu huja mara chache lakini huangamiza vyote kwa pamoja. Nyumba zetu nyingi hupata umeme kutoka laini tatu zinazogawana waya mmoja wa nyutro, yaani waya wa kuurudishia umeme. Waya huo ukikatika au ukilegea nguzoni, nyumba zinabaki zikigawana volti 400 za laini mbili bila mpangilio wowote, moja ikapata kidogo mno na nyingine ikapata kupita kiasi. Dalili yake ni balbu kung'aa kwa weupe usio wa kawaida, feni kukimbia kwa kasi ambayo hukuiweka, au baadhi ya vyumba kuwa na mwanga mkali huku vingine vikififia, ikiwa nyumba ina laini zote tatu. Ukiona hivyo usianze kuchomoa kifaa kimoja kimoja. Nenda moja kwa moja kwenye swichi kuu, zima nyumba nzima, waarifu majirani, kisha upige simu ya dharura ya shirika la umeme na kuwaambia kwamba unashuku nyutro imekatika. Ukiutaja ubovu kwa jina lake, fundi wa zamu anafika akijua anachokwenda kukitafuta.

Umeme ukikatika

Chomoa plagi ya friji, au zima swichi ya soketi yake. Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote na haigharimu hata senti. Mfundishe kila mtu nyumbani, pamoja na dada wa kazi na mtoto aliyefikisha umri wa kuelewa, kwamba umeme ukikatika mtu wa kwanza kukumbuka anakwenda kwenye friji. Kwangu tumebandika kipande cha karatasi juu ya soketi kilichoandikwa "ZIMA", kwa sababu gizani mtu husahau.

Umeme ukirudi, washa taa moja tu na uitazame kwa dakika tano. Ikiwa mwanga umetulia, haujafifia wala kuchezacheza, washa friji. Ikiwa umekatika tena ndani ya muda huo, anza kuhesabu upya. Kama mnatumia jenereta, fuateni utaratibu huo huo: jenereta iwashwe kwanza ikiwa haijaunganishwa na friji, iungurume hadi itulie, ndipo friji iunganishwe, na kabla ya kuizima jenereta friji itangulie kuzimwa. Jenereta inayoishiwa mafuta huku friji ikiwa imeunganishwa hushusha volti zake polepole kabla ya kuzimika, na nimekwisha kueleza volti pungufu zinaifanyia nini mota.

Usifungue mlango ovyo. Friji iliyofungwa hutunza chakula katika hali salama kwa muda wa kama saa 4, na friza iliyojaa kama saa 48 (iliyojaa nusu, saa 24), ilimradi mlango haufunguliwi. Ndiyo maana friza tupu ni mbaya wakati wa mgao: hewa haitunzi baridi, bali vitu vilivyoganda. Ukiwa huna nyama ya kuijaza, jaza chupa za plastiki maji, uache nafasi kidogo juu kwa sababu maji yakiganda hutanuka, uzipange katika nafasi zilizo wazi. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, chupa mbili tatu zihamishie sehemu ya chini, karibu na maziwa na mboga zilizopikwa.

Kuna jambo moja dogo linalowafaa wanaosafiri. Gandisha maji katika kikombe, weka sarafu juu ya barafu, kiache kikombe ndani ya friza. Ukirudi baada ya siku kadhaa ukaikuta sarafu juu, chakula chako hakikuyeyuka. Ukiikuta imezama chini ya barafu, umeme ulikatika muda mrefu, vitu vikayeyuka na kuganda tena, na samaki huyo anayeonekana mgumu kama jiwe hafai kuliwa. Kuonja ili kujua kama chakula kimeharibika ni kosa, kwani vijidudu vingi vinavyoleta maradhi havibadilishi ladha wala harufu. Anayehifadhi insulini ajue pia kwamba hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na kwamba iliyoganda haitumiki tena hata ikiyeyuka, kwa hiyo isiwekwe kamwe ikigusana na ukuta wa nyuma wa friji wala na chupa za barafu.

Friji gadi au stebilaiza?

Watu wengi hununua kimoja wakidhani ni kingine. Friji gadi, kama wauzaji wa Kariakoo wanavyoiita, ni mlinzi wa mlangoni: huupima umeme, na ukiwa mdogo mno au mkubwa mno huukata kabisa, kisha ukitulia husubiri dakika chache kabla ya kuuruhusu upite. Kwa maneno mengine, kinafanya yale niliyoyaeleza hapo juu hata wewe ukiwa kazini. Stebilaiza haikati tu. Huurekebisha umeme, ikaupandisha ulipopungua na kuushusha ulipozidi, kwa kadiri ya uwezo wake.

Uamuzi wangu ni huu. Ikiwa umeme wenu hukatika na kurudi lakini ukiwepo ni mzima, nunua gadi, inakutosha, na bei yake ni ndogo kuliko ya stebilaiza. Ikiwa kila jioni balbu zenu hufifia kwa saa nzima au zaidi, gadi itakata umeme saa hizo zote na chakula kitaharibika kwa usalama kamili, kwa hiyo hapo stebilaiza inahitajika. Unapoinunua soma mambo mawili kwenye kibandiko chake. La kwanza ni kiwango cha chini cha volti inachoweza kupokea, kwa kuwa stebilaiza inayoanza kufanya kazi kwenye volti 180 haina msaada mahali ambapo umeme hushuka hadi 150. La pili ni uwezo wake, unaoandikwa VA. Friji inayotumia wati 150 ikiwa imekwisha kuanza huvuta mara kadhaa ya hizo sekunde inapoanza, kwa hiyo usichukue stebilaiza ya VA 200 kwa kuwa muuzaji amekuambia "inatosha". Chukua ya VA 1000. Tena hakikisha ina muda wa kusubiri kabla ya kuwasha, maana zipo zisizo nao.

Friji mpya zinazoitwa za inveta huvumilia volti pungufu kuliko za zamani, na huanza taratibu bila kuvuta umeme mwingi. Hata hivyo ndani yake kuna bodi ya elektroniki inayoogopa umeme uliozidi, na bodi hiyo ina bei. Mwenye friji ya namna hii asijidanganye kwamba haihitaji ulinzi.

Plagi, soketi na kijiti

Naomba msomaji asilipite jambo hili haraka. Friji nyingi huja na plagi ya pini mbili za mviringo, na soketi zetu ni za matundu matatu. Kinachofanyika katika nyumba nyingi ni kuchukua kijiti, kalamu au ncha ya bisibisi, kukichomeka katika tundu la juu ili vifuniko vya matundu ya chini vifunguke, kisha kulazimisha pini mbili ziingie. Friji inawaka, na kila mtu anaona kazi imekwisha. Tundu lile la juu ndilo la waya wa ethi, waya unaoupeleka umeme ardhini endapo utavuja na kugusa bodi la chuma. Friji iliyochomekwa kwa kijiti haina njia hiyo. Siku waya wa ndani ukichubuka, atakayekuwa njia ya umeme kwenda ardhini ni mtoto aliyeshika mlango wa friji akiwa peku kwenye sakafu iliyolowa. Kama friji yenu "inapiga shoti kidogo", msizoee kuvaa kandambili ili kuifungua. Ichomoeni leo, muite fundi umeme apime kama ethi ya nyumba inafanya kazi, kisha abadilishe plagi na kuweka ya pini tatu iliyofungwa kwa usahihi.

Pini mbili zilizolazimishwa pia hazibani vizuri, na mahali pasipobana panapata moto. Weka kiganja juu ya plagi baada ya friji kufanya kazi kwa nusu saa. Ikiwa ni ya moto, au plastiki yake imebadilika rangi na kuwa kahawia, plagi hiyo na soketi yake vyote vibadilishwe. Friji ipewe soketi yake yenyewe ya ukutani. Ekstensheni nyembamba inayobeba friji, birika la umeme na chaja nne huishusha volti kabla haijaifikia kompresa, hata siku ambayo umeme wa mtaa ni mzima.

Mahali, mpira na barafu

Friji hutupa joto nje, na ikibanwa ukutani joto hilo halina pa kwenda. Iache mbali na ukuta kwa kiasi cha upana wa kiganja, isikae karibu na jiko wala mahali jua la alasiri linapopiga, na juu yake pasirundikwe nguo. Mara moja kila baada ya miezi michache ichomoe, igeuze, ufute kwa brashi vumbi lililoganda kwenye mabomba ya nyuma.

Mpira wa mlango hupimwa kwa noti. Fungia noti mlangoni, nusu ndani na nusu nje, kisha uivute. Ikitoka bila kukataa, mpira haubani hapo. Zunguka mlango mzima hivyo hivyo. Mara nyingi tatizo ni uchafu wa mafuta na sukari. Uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, uukaushe. Mpira uliopinda hunyooka ukimwagiwa maji ya moto taratibu na kukandwa kwa vidole. Uliochanika ubadilishwe.

Sasa barafu. Katika friji zisizojiyeyusha zenyewe, barafu hujijenga kwenye kuta za friza, na ikizidi unene wa kidole huifanya kompresa ifanye kazi muda mrefu bila faida, kwa kuwa barafu yenyewe ni blanketi. Wengi tumeshawahi kuona, au kufanya, kinachofuata: mtu ana haraka, nyama imeng'ang'ania, anachukua kisu na kuchokoa. Ukuta ule wa friza ni bati jembamba la alumini, na gesi hupita katika mifereji iliyo ndani yake. Kisu kikitoboa utasikia "fsss" fupi, pengine na harufu hafifu, na friji ambayo dakika moja iliyopita ilikuwa nzima imegeuka kuwa kabati. Kuziba tundu hilo na kujaza gesi upya ni kazi ghali isiyodumu kila mara. Badala yake chomoa friji, toa vitu, weka ndani bakuli la maji ya moto juu ya kitambaa kilichokunjwa, funga mlango kwa robo saa, kisha uyabadilishe maji yanapopoa. Barafu itaachia yenyewe na kuanguka kwa vipande vikubwa. Anayeuza barafu za vifuko na hawezi kusubiri apake kuta za friza mafuta ya kupikia kidogo sana baada ya kuzikausha. Vifuko havitanata tena.

Kujua friji inakula umeme kiasi gani

Friji inayoanza kuugua hujitangaza kwenye LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, hata kabla ya kuacha kugandisha. Tazama mita yako: kuna kitaa chekundu kinachopepesa, na karibu yake pameandikwa idadi ya mapigo kwa kila yuniti, mara nyingi 1000. Katika mita ya namna hiyo, kila pigo moja ni sehemu ya elfu ya yuniti. Zima kila kitu nyumbani, uache friji peke yake, usubiri mpaka kompresa iungurume, kisha hesabu sekunde kati ya pigo moja na linalofuata. Gawanya 3600 kwa sekunde hizo na utapata wati. Sekunde 36 ni wati 100; sekunde 24 ni wati 150. Ikiwa kibandiko cha friji kinasema wati 100 nawe unahesabu sekunde 12, yaani wati 300, kuna jambo linalohitaji fundi. Kama namba iliyoandikwa kwenye mita yako si 1000, gawanya 3,600,000 kwa namba hiyo, kisha jibu lake uligawanye kwa sekunde ulizohesabu.

Njia nyingine ni kuandika yuniti zilizobaki usiku kabla ya kulala na asubuhi mnapoamka, vifaa vingine vyote vikiwa vimezimwa. Kibandiko kinachosema friji hutumia kWh 292 kwa mwaka kinamaanisha yuniti 0.8 kwa siku, kwa kuwa kWh moja ndiyo yuniti moja. Katika joto la Dar es Salaam itazidi hapo, lakini isizidi maradufu.

Ukinunua ya mtumba

Usinunue friji ambayo hujasoma kibandiko chake, hata ikiwa inang'aa. Tafuta volti kwanza. Friji iliyotengenezwa kwa soko la Japani hutumia volti 100, na ya Marekani volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja katika soketi ya 230 itaungua kabla hujafunga mlango. Transfoma itakayoiwezesha kufanya kazi ni gharama nyingine, nayo yenyewe hula umeme mchana na usiku. Zinazotoka Uingereza, Oman na Dubai hazina tatizo hilo la volti. Baada ya volti, tafuta herufi za hali ya hewa. SN na N ni friji zilizokusudiwa kwa vyumba visivyozidi nyuzi 32 za joto, ST nyuzi 38, na T nyuzi 43. Nyingi za Ulaya ya kaskazini ni SN au N. Katika jiko la Tanga au Mombasa mwezi wa Februari friji hiyo itaunguruma kutwa nzima bila kupumzika. Tafuta iliyoandikwa T, au angalau ST.

Omba iwashwe mbele yako, na usiridhike na taa pamoja na mlio. Subiri nusu saa, uguse ukuta wa friza, ambao unapaswa kunata kidogo kwenye kidole kilicholowa. Ukiisafirisha isimame wima. Ikilazimika kulazwa, mafuta ya kompresa hutiririka kwenye mabomba, kwa hiyo ukifika nyumbani isimamishe na usiiwashe mpaka kesho yake.

Unapomwita fundi

Kabla hajaja, hakikisha umeshaangalia themostati, yaani kitufe cha kupangia kiwango cha baridi, kwa kuwa mtu anayefuta friji huweza kuizungusha hadi sifuri bila kujua, na uijaribu soketi kwa kifaa kingine. Kisha sikiliza. Friji isiyotoa mlio wowote ilhali taa yake inawaka huwa na tatizo la themostati, ovalodi au waya. Inayosema "tik", ikanguruma na kusema "tik" tena, huwa na rilei mbovu au inapata umeme mdogo, na ni baada ya hayo mawili kupimwa ndipo kompresa ishukiwe. Inayounguruma mfululizo bila kugandisha ndiyo ambayo pengine imepoteza gesi.

Kuhusu gesi, shikilia jambo moja: gesi ya friji haitumiki ikaisha kama ya jikoni. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa kwa maisha yote ya mashine. Ikiwa imepungua, kuna mahali inavuja, na fundi anayejaza bila kukutafutia tundu anakuuzia wiki chache za baridi. Mwombe akuonyeshe mahali panapovuja, kwa povu la sabuni juu ya bomba, kabla ya kukubaliana bei. Mwulize pia ni gesi gani. Kibandiko kitasema R134a, au R600a katika friji nyingi za miaka hii. R600a ni isobutani, inashika moto kama gesi ya kupikia, na ingawa katika friji ya nyumbani huwa ni makumi machache ya gramu tu, fundi hapaswi kuelekeza moto wa kuchomelea kwenye bomba kabla ya kuitoa yote, madirisha yakiwa wazi na jiko limezimwa. Gesi hizi mbili hazibadilishani. Anayesema "zote ni sawa" mshukuru kwa kuja, umlipe nauli, umtafute mwingine.

Kazi ikiisha, mwombe akuachie kipuri cha zamani alichokitoa, na mkae naye mpaka kompresa izime yenyewe na kuwaka tena angalau mara moja. Kisha chukua kalamu ya wino mzito, uandike ubavuni mwa friji, mahali pasipofutika, tarehe, kilichobadilishwa, na aina na uzito wa gesi iliyojazwa. Fundi atakayekuja baada ya miaka mitatu ataanzia hapo.